Jiwe la Yai Halina Daraja la Mkato: Soma Tena Hicho Cheti

Wiki iliyopita kaingia mteja mwingine. Akaketi, akafungua kikaratasi kilichokunjwa, akaniwekea mbele almasi ya umbo la yai, karati moja na ushee, na kabla sijaishika akasema: "Mkato wake ni daraja la juu kabisa. Cheti hiki hapa." Nikamwomba anionyeshe palipoandikwa. Akaweka kidole kwenye mstari wa ung'arishaji, kisha kwenye mstari wa ulinganifu. Kweli, yote miwili ilikuwa ya daraja la juu kabisa. Mstari wa mkato haukuwepo.

Nimeacha kuhesabu huyu ni wa ngapi.

Ung'arishaji unakwambia nyuso za jiwe zimesuguliwa zikawa laini kiasi gani. Ulinganifu unakwambia nyuso hizo zinakutana panapotakiwa, na meza, ule uso mpana bapa wa juu, imekaa katikati. Ni mambo mazuri, lakini kununua jiwe kwa hayo mawili ni kusifia rangi ya ukuta kwenye nyumba ambayo fundi kaweka madirisha upande usioingia jua. Jiwe laweza kuwa laini kama barafu, kila kona imekutana na mwenzake, na bado mwanga ukamwagika kwa chini kama maji kwenye pakacha.

Lugha yetu nayo inatuponza. Mtu akisema almasi "imekatwa yai" au "imekatwa mraba", anataja umbo. Sisi tunaoshinda na mawe, mkato kwetu ni pembe: zimepangwaje ili mwanga unaoingia juu urudi juu, kwenye jicho la mtazamaji? Mfumo wa kupima mkato ambao GIA, maabara ya Marekani inayopima almasi na kuziandikia vyeti, waliutangaza mwaka 2005 na kuanza kuutumia 2006 ulitengenezwa kwa jiwe la duara la kawaida. Kwa umbo la yai, la pea au la mto wa kulalia, cheti cha kawaida kinakupa vipimo, ung'arishaji na ulinganifu, basi. Kuna maabara nyingine zinazoyapa maumbo hayo daraja la mkato kwa vigezo vyao wenyewe, kwa hiyo kwanza uliza nani kapima na kapima nini.

Njoo sasa kwenye duara, ambako daraja lipo na ambako watu wananichosha kwa namna nyingine. Swali la kwanza kwa simu: "Kina chake ni asilimia ngapi?" Nikisema 61.5, nasikia mtu anashusha pumzi. Safi, ipo kwenye kiwango!

Jamani. Kina ni jumla, na kama meza, hupimwa kwa asilimia ya kipenyo cha jiwe. Ni urefu wa taji, yaani sehemu ya juu, ukajumlisha unene wa mkanda, ule ukingo wa pembeni, ukajumlisha kina cha kitako, sehemu ya chini inayochongoka. Chukua jiwe lenye meza ya asilimia 57, taji la nyuzi 34.5 na kitako cha nyuzi 40.8. Taji linakupa 14.8, kitako 43.2, mkanda 3.5. Jumla 61.5. Chukua lingine: meza 60, taji nyuzi 36, kitako nyuzi 41.6. Taji 14.5, kitako 44.4, mkanda 2.6. Jumla? 61.5 ile ile. La kwanza linawaka. La pili limesimama mno juu na limezama mno chini, na ukilitazama wima unaona duru ya kijivu imezunguka chini ya ukingo wa meza, kama kikombe ambacho hakikusuguliwa vizuri. Namba moja, mawe mawili yasiyofanana hata kidogo.

Sababu yake ni fizikia ya kawaida. Mwanga ulio ndani ya almasi ukiugonga uso kwa pembe inayozidi nyuzi 24.4, ukipima kutoka kwenye mstari unaosimama wima juu ya uso huo, hautoki. Unarudishwa ndani. Ukiugonga kwa pembe ndogo kuliko hiyo, sehemu kubwa inapenya na kupotea. Kazi ya kitako ni kuudaka mwanga upande mmoja, kuurushia upande wa pili, kisha kuupandisha juu. Kikiwa bapa mno, mkanda unajiakisi kwenye meza na unaona pete nyeupe iliyofifia. Hilo ni jicho la samaki. Kikizama mno, katikati panakuwa peusi, ndicho kichwa cha msumari. Na kitako hakina msamaha: nusu ya nyuzi tu inaonekana. Taji ni pole zaidi, linavumilia.

Hivyo viwili husomwa pamoja. Kitako kikiongezeka kidogo, taji lishuke kidogo: 41.0 inapatana na taji la 34, na 40.6 inapatana na 35. Mtu anayeniletea pembe moja bila mwenzake ni sawa na anayeniuliza kama kiatu cha kushoto kitamtosha mgeni aliyeko safarini.

Halafu kuna wanaomkariri Marcel Tolkowsky. Mwaka 1919 alipiga hesabu zake na kupata meza 53, taji 34.5, kitako 40.75. Kazi kubwa, namheshimu. Lakini alifuatilia miale kwenye mchoro bapa, na unene wa mkanda hakuuhesabu. Mawe mazuri mengi ya leo yana meza pana kuliko yake. Ukiambiwa jiwe ni baya kwa kuwa meza yake ni 56, mwambie aliyekwambia apumzike.

Hapa nitang'ang'ana kidogo, maana ndipo panaponiwasha. Namba za pembe kwenye cheti ni wastani, tena wastani uliokadiriwa. GIA wanaikadiria pembe ya taji kwenye nusu ya nyuzi iliyo karibu, na ya kitako kwenye sehemu mbili za kumi. Kitako kina nyuso kuu nane. Nne zikiwa 40.4 na nne zikiwa 41.2, wastani ni 40.8, na cheti kitaandika 40.8 kwa mwandiko ule ule wa jiwe ambalo zote nane ni 40.8 kamili. Ulinganifu ukishuka sana, mstari wake utashuka pia, lakini ndani ya daraja la juu bado kuna nafasi ya kutosha kwa mawe mawili kutofautiana mbele ya macho. Na daraja la juu kabisa la mkato lenyewe ni pana. Ndani yake wamo vinara, na wamo walioingia kwa kushikilia mlango.

Kwa hiyo mwombe muuzaji picha iliyopigwa kwa kile kifaa chenye kiakisi chekundu. Panapokuwa pekundu mwanga unarudi. Panapokuwa peupe au pamepauka, unavuja. Peusi ni kivuli cha mtazamaji mwenyewe, na kidogo chake kinatakiwa, maana bila weusi hakuna mmetameto. Picha hiyo inalifaa hata yai, ingawa kwa yai usitegemee wekundu mtupu.

Taa za dukani sitazisemea sana. Zile ndogo kali za darini zinaweza kukifanya hata kipande cha chupa kijione bwana harusi. Sogea dirishani, lizibie jiwe kwa kiganja, lisogeze mbele na nyuma. Likizimika kivulini, umeshajibiwa. Na lifute kwanza. Mafuta ya vidole chini ya kitako yanaua jiwe zuri kuliko kosa la mkataji.

Uzito nao usikupumbaze. Duara la karati moja lililokatwa vizuri huwa na kipenyo cha karibu milimita 6.4 hadi 6.5. Ukiletewa lenye 6.1, macho yanaona jiwe la karati 0.85 hivi; uzito uliobaki umefichwa kitakoni au kwenye mkanda mnene, na wewe unaulipia.

Sasa nikiri. Nikifunikiwa vyeti na kupewa mawe mawili ya duara yenye pembe nzuri, yanayotofautiana kwa sehemu chache za kumi za nyuzi, sina hakika kila mara nitajua lipi ni lipi. Nimewahi kujaribu. Nilikosea, na aliyenipima alicheka kuliko ilivyohitajika. Kuna pia yale tunayoyaita sitini-sitini, meza 60 na kina 60. Kwa miaka nilikuwa nayakataa kwenye karatasi tu, bila kuyatazama. Siku moja nikaletewa moja mkononi: jeupe, pana, linang'aa chumba kizima. Moto wa rangi, ile miali ya rangi rangi, ulikuwa haba, nilivyotarajia, lakini yule mama aliyelinunua hakuupenda moto wa rangi. Alitaka weupe. Nilikuwa nimejiandaa kumshauri asilichukue, nikafunga mdomo. Na mawe ya zamani yaliyokatwa kwa mkono, yenye ncha ya chini iliyokatwa bapa, yanavunja karibu kila namba niliyoandika hapo juu, na mbele ya mshumaa mimi huyasahau mengine yote.

Tumrudie bwana wa yai. Nililishika kwa kibano, kama sentimita 25 kutoka usoni, nikaliinamisha. Karibu kila yai lina ile tai nyeusi ya kipepeo iliyolala katikati kwa upana, kwa sababu nyuso za pale zinaelekea kuakisi kichwa chako badala ya taa. La kuangalia ni je, imekolea kama wino, na je, inabaki palepale ukiligeuza? Yake ilikuwa ya kijivu chepesi. Nilipoliinamisha kidogo ikakatika vipande viwili, mwanga ukapita katikati, kisha ikajikusanya tena upande wa pili. Vichwa vyake viwili vilikuwa hai, bila mabaka yaliyolala. Jiwe zuri. Kalipata kwa bahati, si kwa sababu aliyoidhani, lakini zuri.

Nikamwambia hivyo. Akakunja cheti, akatabasamu kama mtu aliyeshinda kesi.

"Si nilikwambia? Mkato daraja la juu kabisa."