Tope la Tanganyika na mlango wa Lukuga

Huku Bagamoyo watu wamezoea maji kupwa na kujaa, kwa hiyo nikisema kazi yangu ni kusoma mashapo (tope na mchanga vilivyotua chini) ya Ziwa Tanganyika swali la kwanza huwa hilohilo, kwani ziwa nalo linapanda na kushuka? Linapanda na kushuka sana tu, ila halifuati mwezi, linakwenda kwa miaka, na kumbukumbu zake zote ziko kwenye tope.

Ziwa lenyewe liko kwenye bonde la ufa, ardhi imepasuka ikadidimia, pembeni imesimama milima kama Mahale, kina kinafika kama mita 1,470 na chini yake mashapo yamelundikana kilomita kadhaa. Ukishapita mita 200 hivi oksijeni hakuna kabisa, kwa hiyo hakuna konokono wala mnyoo wa kuchimbachimba, tope likitua limetua. Ndo maana ukitoa bomba la tope kule chini ukalipasua kwa urefu unaona mistari myembamba ajabu, mweupe, mweusi, mweupe, mweusi, mingine haifiki hata milimita. Mweupe ni wa kiangazi, upepo wa kusini unavuruga maji, virutubisho vinapanda juu, diatomu (vijimwani vyenye gamba gumu la silika) zinazaliana halafu zinakufa na kuzama. Mweusi ni wa mvua, udongo wa mito kama Malagarasi na Ruzizi. Mimi sichoki kuiangalia hiyo mistari, kwa kweli.

Sasa ukikuta alama za ufukwe au delta ya mto wa zamani imezama chini kabisa ya maji ya leo, ujue ziwa lilikuwa kule. Miaka kama 20,000 iliyopita, dunia ilipokuwa na barafu nyingi na huku kwetu kukavu, maji yalikuwa chini kuliko leo kwa zaidi ya mita 200.

Lakini kitu ambacho watu wengi hawakijui ni kwamba tope haliandiki tu historia, linapanga na kimo cha maji. Ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga upande wa Kongo, maji mengine mengi yanaondoka kwa jua. Maji yakishuka muda mrefu Lukuga inakauka, mchanga na majani vinaziba, basi mvua zikirudi ziwa linajaa bila pa kutokea. Cameron na Stanley, wasafiri wa Kizungu wa zamani, wote waliofungia safari zao hapahapa Bagamoyo, walifika Lukuga, wa kwanza 1874 na wa pili 1876, wakaukuta mlango umejaa matete na tope na wakabishana kama maji yanatoka au hayatoki. Ziwa likaendelea kupanda mpaka kwenye 1878 likavunja kizuizi, halafu ndani ya miaka kama 15 likashuka karibu mita 10!

Kwa hiyo miaka hii maji yanapoingia kwenye nyumba za watu Kigoma na Bujumbura naumia sana, sababu sehemu nyingi za chini ziwa lilishawahi kulala pale. Kama una ndugu anataka kununua kiwanja karibu na ziwa mwambie achimbe kwanza shimo la mita moja na nusu, akikuta mchanga uliochambuliwa na mawimbi, kokoto laini za mviringo na magamba ya konokono wa ziwani, asogee juu.