Giza la winta kazini: yanayosemwa na yaliyo kweli

Desemba, hapa London, jua huchomoza kama saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Anayeingia zamu saa moja asubuhi na kutoka saa moja jioni halioni kabisa, isipokuwa siku yake ya mapumziko, nayo mara nyingi humalizikia kitandani. Kazi yangu ni kupanga ratiba za watu wanaotunza wazee, wengi wao wakitoka Kenya, Tanzania na Kongo. Baadhi yao giza hilo huwaletea sonona ya majira, yaani huzuni na uchovu mzito unaorudi kila winta. Kila Novemba nasikia maneno yaleyale kuihusu chumba cha chai, na baadhi yake yanawaumiza wenzetu.

"Ni baridi tu, vaa vizuri utazoea." Makoti tunayo, na majengo tunamofanyia kazi yana joto la kutoa jasho. Kinachokosekana ni mwanga. Ubongo hutegemea mwanga wa asubuhi kurekebisha saa ya mwili, ujue lini ulale na lini uamke. Dar es Salaam, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote katika mwaka na ule mfupi haifiki saa moja. London inapita saa nane.

"Huo ni ugonjwa wa Wazungu." Daktari aliyeipa jina sonona ya majira, Norman Rosenthal, ni Mzungu kweli, ila jua lililomlea ni la Afrika Kusini. Alihamia Marekani miaka ya 1970, akaona nguvu zinamwishia kila winta na kumrudia majira ya kuchipua. Mwaka 1984 yeye na wenzake wakachapisha maelezo ya hali hiyo. Kinachoileta ni mahali unapoishi na mwanga unaoupata, wala rangi ya ngozi haimkingi mtu.

"Fulani siku hizi ni mvivu." Hapa ndipo tunapokoseana zaidi. Sonona tuliyoizoea humnyima mtu usingizi na hamu ya kula. Hii ya winta mara nyingi huja kinyume chake: mtu analala kwa muda wa saa kumi na bado anaamka amechoka, anatamani mikate, chapati na viazi, ananenepa, anajitenga, simu hapokei. Asiyejua huona mtu wa kula na kulala. Niliwahi kukaa kwenye kikao ambapo mama mmoja alipewa onyo la kuchelewa mwezi Januari, mama ambaye kiangazi chote alikuwa wa kwanza kufika. Hakuna aliyefungua kalenda, na mimi sikusema neno. Bado linanichoma. Sasa naanza na kalenda: je, hii ni winta yake ya pili mfululizo kubadilika hivi na kurudi sawa jua likirudi? Kama ndivyo, barua ya onyo isubiri. Tunakaa faraghani kwanza, nami namwuliza analalaje, anakulaje, na ni saa ngapi za mchana anatoka nje.

"Mbona ndani taa zipo?" Taa za kawaida za ofisini hutoa kama laksi 300 hadi 500, laksi ikiwa ndiyo kipimo cha mwanga. Nje, hata mawingu yakitanda, mchana hufika laksi maelfu. Taa za tiba huwa za laksi 10,000, na mtu hukaa mbele yake kama nusu saa asubuhi bila kuikodolea macho. Mwenye maradhi ya macho, au aliyewahi kupandwa na furaha na hamaki zisizo za kawaida, amwone daktari kabla ya kuitumia.

Lakini kabla ya kununua taa, ratiba yenyewe ni dawa. Tulisogeza mapumziko ya chakula yaangukie kati ya saa sita na saa nane mchana, mtu apate kutembea nje angalau robo saa. Hakuna anayepangiwa usiku winta nzima. Siku za mapumziko zinafuatana, ya kwanza mtu alale, ya pili aone jua. Hayo hayakuhitaji bajeti.

"Meza vitamini D, yataisha." Imeze. NHS, huduma ya afya ya umma ya huku, inashauri mikrogramu 10 kwa siku majira ya vuli na baridi, na sisi wenye ngozi nyeusi tufikirie mwaka mzima. Faida yake ya hakika ni mifupa na misuli. Ushahidi kwamba inatibu sonona ni dhaifu.

"Ukisema tu, kazi imekwenda." Hofu hii naielewa, hasa kwa ambaye viza yake imefungwa kwa mwajiri. Hata hivyo, sheria ya usawa ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri afanye marekebisho yanayowezekana kwa mwenye tatizo la afya ya akili lililomwathiri sana na kwa muda mrefu, na linalojirudia nalo laweza kuhesabiwa. Siku saba za kwanza za kuugua unajaza fomu mwenyewe, baada ya hapo ndipo cheti cha daktari. Na huku England unaweza kujiandikisha mwenyewe NHS Talking Therapies kwa tiba ya mazungumzo, bila kupitia kwa meneja.

Ile "Blue Monday", Jumatatu ya Januari inayodaiwa kuwa siku ya huzuni kuliko zote, ambapo maofisi hugawa keki, ilianzia kwenye tangazo la kampuni ya usafiri mwaka 2005. Hali yenyewe huanza mapema, Oktoba au Novemba, na huweza kufika Machi.

"Jua likirudi, hatari imekwisha." Katika nchi nyingi za kaskazini watu wanaojiua huongezeka majira ya kuchipua, si Desemba. Kwa hiyo naendelea kuwauliza watu wangu hali zao Aprili na Mei. Kumwuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Samaritans, shirika linalowasikiliza watu walio katika dhiki, wanapatikana bure saa 24 kwa 116 123, na England unapiga 111 ya NHS kisha unabonyeza 2 kwa msaada wa afya ya akili. Namba hizo nimezibandika ndani ya mlango wa choo cha wafanyakazi, mtu aweze kuzinakili bila kuonekana na yeyote.