Je, wajua kwa nini askari wa tamthilia huonja unga, na wa kweli hathubutu?

Tukio lenyewe unalijua. Ghala lina giza, begi liko mezani, askari kanzu aliyejifanya mnunuzi anachomoa kisu na kuchana kifurushi. Anachota unga kwa ncha ya kisu, anaupaka kwenye ufizi, anamung'unya kidogo, kisha anaitikia kwa kichwa: "Mzigo safi." Sekunde nane hivi, na mtazamaji ameridhika.

Mtunzi hakuliokota jambo hili jalalani. Kokeini kweli ni dawa ya ganzi. Mwaka 1884, huko Vienna, daktari Carl Koller aliitumia kufisha ganzi jicho ili lipasuliwe mgonjwa akiwa macho kabisa. Huziba vijia ambavyo chembe za sodiamu hupitia kuingia ndani ya neva. Sodiamu isipopita, neva haina habari ya kupeleka kwenye ubongo. Ukiipaka kwenye ufizi, ufizi unakufa ganzi. Mpaka hapo tamthilia iko sawa.

Kasoro ni kwamba ganzi haitaji jina la kilichoileta. Lidokeini ya daktari wa meno hutia ganzi. Prokeini na benzokeini vilevile. Zote zinapatikana kama unga mweupe, zote ni rahisi kuliko kokeini, na wauza unga huzichanganya kwenye mzigo kwa sababu hiyohiyo: wanajua mnunuzi atapima kwa ufizi. Kwa heroini mambo ni yaleyale, ila huko kinachotafutwa ni uchungu. Kwa miongo mingi wachuuzi wa New York waliichakachua kwa kwinini, nayo kwinini kila aliyewahi kuugua malaria zamani anaijua. Anayeonja anakutana na uchungu aliokuwa akiutarajia, wala hajui ni kiasi gani cha kete ile ni heroini na kiasi gani ni dawa ya homa.

Tena ulimi hauhesabu. Unga wenye asilimia 30 ya kokeini ukiongezewa lidokeini unaweza kutia ganzi sawa na wenye asilimia 80. Ule msemo wa "safi, asilimia tisini na tano" baada ya kulamba mara moja ni porojo tupu.

Halafu kuna suala la kubaki hai. Kokeini nyingi imekutwa na levamisoli, dawa ya minyoo ya mifugo ambayo kwa baadhi ya watu huangusha chembe nyeupe za damu hadi mwili ukashindwa kujikinga. Hiyo angalau huchukua muda. Fentanili, dawa kali mno ya maumivu ambayo nayo huchanganywa kwenye unga, haisubiri. Kwa makadirio ya DEA, shirika la Marekani la kupambana na dawa za kulevya, miligramu 2 tu zinaweza kuua mtu, nazo ni sawa na punje chache za chumvi. Na mdomo si njia ya pembeni kwa dawa hii: hospitali huwapa wagonjwa wa saratani fentanili ya kumung'unya au ya kuyeyusha chini ya ulimi, kwa kuwa utando wa mdomo huinyonya haraka. Kugusa unga kwa ngozi kavu kwa bahati mbaya hakumwangushi mtu kama video za mitandaoni zinavyodai. Kuupaka kwenye ufizi ni habari nyingine kabisa.

Basi askari halisi hufanya nini? Anavaa glavu na kutoa kifuko kidogo kigumu cha plastiki chenye vichupa vya kioo ndani. Cha kokeini kina vichupa vitatu, na kipimo chenyewe huitwa kipimo cha Scott. Anachota unga kidogo sana, kiasi cha kukaa kwenye ncha ya kijiti cha meno, anautia ndani na kufunga kifuko. Anavunja kichupa cha kwanza kwa vidole, kwa nje. Humo mna kobalti thayosayaneti, asilimia 2, ndani ya mchanganyiko wa maji na gliserini. Kimiminika ni cha waridi. Kokeini ikiwapo, vinatokea vipande vya buluu. Anavunja cha pili, asidi ya haidrokloriki, anatikisa: buluu inapotea, waridi inarudi. Anavunja cha tatu, klorofomu, anatikisa na kuacha kitulie. Klorofomu ni nzito, inazama chini, na hapo chini ndipo buluu inatakiwa ijitokeze tena huku juu pakibaki waridi. Lazima hatua zote tatu zikubali. Ya kwanza peke yake haina maana, maana dawa kadhaa za dukani nazo hugeuka buluu, ikiwemo difenhidramini ya mafua na mzio.

Heroini na vichangamshi vya jamii ya amfetamini hupimwa kwa kitendanishi cha Marquis: formalini ndani ya asidi ya salfuriki kali. Zambarau huashiria jamii ya afyuni, rangi ya chungwa inayoelekea kahawia huashiria amfetamini na methamfetamini. Huashiria tu. Kodeini ya dawa ya kikohozi nayo ni ya jamii ya afyuni, nayo hutoa zambarau.

Makosa huanzia mkononi. La kwanza ni kuzidisha unga: asidi ya hatua ya pili inashindwa kuifuta buluu, na kipimo kinaharibika. Dawa yake ni kuanza upya na kiasi kidogo zaidi, si kutikisa kwa hasira. La pili ni mwanga. Chini ya taa ya barabarani ya manjano, au vimulimuli vya gari la polisi, buluu na zambarau hazitofautiki. Vifuko vilivyopita muda wake au vilivyoachwa juani ndani ya gari navyo hutoa majibu ya ajabu, na kwa kuwa wengi hawapimi kwanza kifuko kitupu, hawajui kama rangi imetoka kwenye unga au kwenye uchafu wa glavu. Kosa kubwa kuliko yote ni kuamini. Mwaka 2015 huko Orlando, Florida, dereva mmoja alikamatwa kwa tuhuma za methamfetamini baada ya kipimo cha barabarani kukubali vipande vyeupe vilivyokutwa garini. Maabara ilipopima ilikuta si dawa. Vilikuwa sukari iliyobanduka kwenye donati, na jiji likaishia kumlipa fidia ya dola 37,500.

Ndiyo maana kipimo cha rangi huitwa cha awali. Cha kuthibitisha hufanyika maabara, kwa mashine inayotenganisha mchanganyiko kwa gesi na kisha kuvunjavunja kila kiungo na kusoma uzito wa vipande vyake, kama alama ya kidole. Mashine hiyo ndiyo inayosema kilichomo ni kokeini, lidokeini na levamisoli, na ikipangwa vizuri inasema kila kimoja ni kiasi gani.

Sasa kile kisu. Katika tukio zima la ghalani, kisu ndicho kinachomuudhi mtu wa ushahidi kuliko hata ulimi. Kifurushi cha kilo moja huwa kimezungushiwa tabaka za plastiki na utepe wa gundi, na upande wenye gundi hunasa alama za vidole na vinasaba vya aliyefunga. Ukichana katikati unachana alama. Mtaalamu hupiga picha kwanza, anapima uzito pamoja na vifungashio, anatia namba, kisha anafungua mahali ambapo hapana utepe wala fundo. Vifurushi vikiwa vingi, hafungui vyote. Kanuni inayotumika sana, iliyo kwenye miongozo ya Umoja wa Mataifa, ni hii: chini ya 10, chukua sampuli kila kimoja, kuanzia 10 hadi 100, chagua 10 bila mpangilio, zaidi ya 100, tafuta kipeuo cha pili cha idadi na upandishe hadi namba nzima. Vifurushi 150 vinakupa 13. Kuchagua kile kilicho juu ya begi kwa sababu kimekaa vizuri mbele ya kamera hakumo.

Kila anayeupokea mzigo anaandika jina, saa na tarehe. Mnyororo huo ndio wakili wa utetezi anautafuna mahakamani. Hebu fikiri swali lake kwa shahidi aliyelamba: ulichota gramu ngapi, uliandika wapi, na ulipokuwa ukiandika taarifa ulikuwa mzima au umelewa?

Mwigizaji naye anaonja nini? Cha kulambwa mara nyingi ni glukosi au maziwa ya unga. Cha kuvutwa puani ni tabu zaidi, kwa sababu sukari hugandamana ikikutana na unyevu na pua huwasha baada ya marudio matatu. Wengi hutumia inositoli, unga laini wenye utamu hafifu unaouzwa kama kirutubisho. Wengine hupaka mafuta ya mgando ndani ya mrija ili unga unase humo usifike puani. Hata unga salama una mipaka: Jonah Hill amesimulia kwamba kwenye filamu ya The Wolf of Wall Street alivuta unga wa vitamini D kwa miezi mpaka akaugua mkamba na kulazwa. Ile methamfetamini ya buluu ya tamthilia ya Breaking Bad ilikuwa pipi ya sukari iliyotiwa rangi, kwa hiyo humo kuonja kungekuwa raha.

Limebaki tukio ambalo tamthilia hulipenda kupita yote: muuzaji anamsukumia askari kanzu mstari wa unga na kumwambia avute, athibitishe kwamba si polisi. (Ile imani kwamba askari akiulizwa "wewe ni polisi?" lazima akiri ni hadithi; sheria ya Marekani haimlazimishi.) Vikosi vingi huko hukataza kutumia dawa isipokuwa maisha yako hatarini, na hata hapo unatakiwa utoe taarifa na kupimwa na daktari mara moja. Kwa hiyo jibu huandaliwa kabla, pamoja na jina la uongo na kazi ya uongo. Jibu linaloshika ni lile la biashara: mimi nauza, situmii, fedha za watu haziendeshwi na mtu aliyelewa. Mnunuzi wa kilo 20 anayelamba mzigo mbele za watu ndiye anayetia shaka. Wakubwa huja na mpimaji wao, na anachokitoa mfukoni mtu huyo chaweza kuwa kifuko kilekile cha vichupa vitatu.