Je, wajua kwa nini vali ya amplifaya ya redio huachwa iwake nyekundu?

Zima taa ya chumba usiku, kisha chungulia ndani ya amplifaya ya zamani ya redio za ridhaa wakati mwenyewe anazungumza. Kila anapotamka neno, kipande cha chuma kilichomo ndani ya chupa ya kioo iitwayo vali kinapata wekundu, kama kaa la mkaa linalopepewa. Akinyamaza, wekundu unafifia. Mgeni anaweza kukimbilia swichi akidhani kitu kinaungua, lakini mwenye mtambo anaendelea na mazungumzo yake. Vali ile iliundwa iwake hivyo.

Redio za ridhaa ni za watu wenye leseni wanaowasiliana kwa mapenzi tu, bila malipo. Tanzania ishara zao za mwito huanza na 5H, Kenya 5Z. Redio ya kawaida ya mezani hutoa wati 100 hivi. Anayetaka zaidi huweka amplifaya, mtambo wa kuikuza ishara, kati ya redio na antena.

Mfano ninaoupenda ni SB-220 ya kampuni ya Heathkit ya Benton Harbor, Michigan, iliyopata umaarufu Marekani miaka ya 1970. Iliuzwa ikiwa vipande vipande, na mnunuzi aliiunganisha mwenyewe nyumbani kwa chuma cha kulehemia. Ndani yake mna vali mbili za aina ya 3-500Z, zilizobuniwa na Eimac ya California. Transfoma na saketi inayoifuata hupandisha umeme wa nyumbani hadi ufike karibu volti 3,000. Uzi wa kila vali, unaokula ampea 14 na ushee kwa volti 5 tu, hupata moto na kumwaga elektroni. Anodi, yaani kile chuma kinachowaka, huzivuta kwa zile volti 3,000. Katikati kuna gridi, wavu mwembamba unaoamua ngapi zipite. Katika mtambo huu gridi imefungwa kwenye ardhi ya saketi na ishara ndogo ya redio huingilia kwenye uzi. Hivyo gridi inakuwa pia ukuta kati ya mlango wa kuingilia na wa kutokea, ili amplifaya isianze kupiga kelele zake yenyewe.

Sasa tupige hesabu. Amplifaya haizalishi nguvu hata wati moja. Inageuza tu umeme wa moja kwa moja (DC) kuwa mawimbi ya redio, na haigeuzi wote. Tuseme vali hizo mbili zinapokea wati 2,000 na 1,200 zinakwenda kwenye antena. Zile 800 zilizobaki ni nguvu ya elektroni zinazoigonga anodi kama mvua ya mawe juu ya bati, na mgongano huo ndio joto. Kila anodi inabeba wati 400, wakati uwezo wake ni 500. Kwa kuwa ndani ya chupa hakuna hewa ya kupoza, joto hutoka kwa njia moja kubwa: kung'aa kupitia kioo, kama jua linavyotufikishia joto lake. Feni iliyo kando kazi yake hasa ni kulinda maungio ya kioo na chuma, ambayo yakizidiwa na moto hupasuka.

Wekundu huo una faida pia. Katika vali nyingi za kioo za aina hii anodi hupakwa zirkoni, madini yanayofyonza mabaki ya gesi yakiwa ya moto. Vali iliyokaa kabatini miaka mingi bila kuwashwa inaweza kuwa na gesi kidogo ndani, na siku ikipewa volti 3,000 ghafla, cheche huruka.

Lakini kwa nini tukubali kupoteza wati 800? Zipo njia za kuiendesha vali ipoteze kidogo zaidi, kwa kuiacha ifunguke kwa sehemu ndogo tu ya kila wimbi. Kwa ishara za Morse, za nukta na mistari, njia hiyo inafaa kabisa. Kwa sauti ya mtu haifai. Sauti ina minong'ono na vilele, na amplifaya ikikata minong'ono, maneno yanaharibika na uchafu wake unamwagikia masafa ya jirani. Ndiyo maana vali huachwa ipitishe mkondo kidogo hata mtu akiwa kimya, ili iwe tayari kufuata kila mpando na mshuko. Joto lile ni bei ya sauti safi, na mimi naona ni bei ya haki.

Hata hivyo wekundu una kipimo. Kati ya vali na antena kuna koili na kapasita mbili zinazozungushwa kwa mkono. Vali inataka kuona mzigo wa maelfu ya omu, yaani vipimo vya ukinzani wa umeme. Antena ni omu 50. Zikilinganishwa vizuri, mkondo wa anodi hushuka na nguvu ya antena hupanda. Zikikosewa, nguvu hukosa njia ya kutoka, na wekundu wa anodi huelekea njano na weupe. Vali huvumilia kosa hilo kwa sekunde kadhaa. Transista za kisasa, zinazotoa wati zaidi ya 1,000 kwa volti 50 tu, hufa kabla hujapepesa jicho, ndiyo maana hulindwa na saketi za kuzikatia umeme papo hapo.

Na anayesikiliza mbali anapata nini? Kila hatua moja ya kipimo cha nguvu ya ishara huhitaji nguvu mara nne. Kutoka wati 100 hadi 1,200 hazifiki hatua mbili. Ningeanza na antena nzuri, kwa kuwa hiyo inasaidia hata kusikia.

Ukizima mtambo, wekundu unapotea baada ya sekunde chache. Kapasita zinazohifadhi umeme wa zile volti 3,000 zinaweza kubaki na chaji baada ya hapo, hata plagi ikiwa imechomolewa. Mafundi husubiri mita ya volti ishuke hadi sifuri, kisha hugusisha anodi na ardhi kwa fimbo yenye mpini usiopitisha umeme, ndipo wanapoingiza mkono.