Je, wajua kwa nini Lon Chaney aliweza kuongea na mamilioni ya watu bila kutoa sauti?

Ukimwambia dogo wa siku hizi kwamba kuna kipindi watu walikua wanajazana ukumbini kuangalia muvi ambayo hakuna mtu anasikika akiongea, atakuona umechanganyikiwa. Ila ndo ilivyokua, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1920 picha nyingi zilikua bubu, kuna mtu anapiga piano pembeni, maandishi yanapita kwenye pazia, basi, mengine yote msomee mtu usoni. Na humo kuna jamaa mmoja wa Marekani anaitwa Lon Chaney ambaye hakua steringi wa sura nzuri wala mchekeshaji kama Chaplin, yeye alikua anapewa zile nafasi za vibiongo, majambazi, vizee, watu waliokatwa miguu, yaani wale ambao kwa kawaida wanakufa kabla picha haijaisha. Na bado kufika 1928 alikua kati ya waigizaji wanaoingiza hela nyingi kuliko wote Hollywood. Walimbatiza jina mtu wa sura elfu moja.

Watu wengi wakiulizwa siri yake watakwambia mekapu. Mimi nasema hapana, au tuseme mekapu ilikuja baadae, siri yenyewe ilianzia nyumbani kwao.

Chaney alizaliwa Colorado Springs tarehe 1 Aprili 1883, ndio, siku ya wajinga, na wazazi wake wote wawili walikua viziwi. Baba alikua kinyozi. Babu yake mzaa mama ndo alianzisha shule ya viziwi ya Colorado mwaka 1874, kwa hiyo lugha ya alama kwenye hiyo familia ilikua ndo lugha ya nyumbani kama vile sisi na Kiswahili. Sasa hapa kuna kitu watu wasioijua lugha ya alama hawakijui, wanadhani ni mikono tu. Kumbe uso nao unaongea, alama ileile ukiinyanyulia nyusi inageuka swali, ukibadilisha macho na mdomo maana inahama, ukiacha uso umelala kama ukuta mwenzio anaona unamumunya maneno tu. Mtoto aliyekulia humo anajua kusoma na kuandika kwa uso kabla hajaenda shule.

Halafu ikaja hii nyingine. Lon akiwa mdogo, bado yupo shule ya msingi, mama yake akashikwa na baridi yabisi kali mpaka akawa wa kulala kitandani. Mtoto akaacha shule abaki kumuuguza. Mama hasikii, hatoki, dunia yake ni chumba, kwa hiyo Lon akawa anatoka mtaani anarudi anamuigizia alichokiona, fulani anavyotembea, muuza duka alivyokasirika, nani kagombana na nani. Umbea wa mtaa mzima bila kufungua mdomo! Ukiniuliza, hiyo ndo ilikua shule yake ya uigizaji, mtazamaji mmoja tu, ambaye ukikosea haelewi chochote.

Akaingia kwenye majukwaa, kwanza kubeba vifaa na kupanga mandhari, baadae kuigiza na kucheza dansi akizunguka na vikundi miji na miji. Akaoa mwimbaji, Cleva Creighton, wakapata mtoto wa kiume 1906. Ndoa haikutulia. Mwaka 1913 Cleva alikunywa sumu kwenye ukumbi wa Los Angeles ambako mumewe alikua anafanya kazi, akapona, ila sauti yake ya kuimba ikaharibika, na ile kashfa ikamfungia Chaney milango ya majukwaa. Akaenda kwenye sinema kwa sababu hakua na pengine pa kwenda, wakati huo sinema ilionekana kazi ya wababaishaji.

Pale Universal, kampuni ya kutengeneza filamu, alipiga picha fupi nyingi sana, leo mzee kesho jambazi, na zamani zile hakukua na fundi wa mekapu wa kukukalisha kitini, kila muigizaji alijipaka mwenyewe kwa hiyo mwenye kisanduku kizuri cha mekapu ndo anapata kazi. Alipoomba nyongeza bosi mmoja akamjibu hatakuja kuwa na thamani ya zaidi ya dola 100 kwa wiki. Akaondoka zake. Mwaka 1919 akacheza The Miracle Man, tapeli anayejifanya kiwete aliyepinda viungo halafu "anaponywa" mbele ya watu, mwili unakunjuka kiungo kimoja kimoja, na kuanzia hapo hakuna aliyemuuliza tena thamani yake.

Mwaka uliofuata, kwenye The Penalty, alicheza mtu asiye na miguu. Usifikirie ujanja wa kamera, alifungwa miguu ikakunjwa nyuma kwa mikanda ya ngozi, akawa anatembea kwa magoti, na alikua anavumilia dakika chache tu kabla hawajamfungua damu irudi. 1923 akawa kibiongo kwenye The Hunchback of Notre Dame, 1925 akawa yule mwenye barakoa wa The Phantom of the Opera ambaye akivuliwa unaona fuvu lina macho, pua kaivuta juu, matundu kayapaka nyeusi. Makovu alikua anayatengeneza kwa kolodioni, maji fulani yanayokauka yakivuta ngozi. Na alielewa kamera vizuri, filamu za wakati ule hazikuiona rangi nyekundu, ilitoka nyeusi, kwa hiyo ilibidi ujipake ukifikiria jicho la kamera siyo kioo cha chumbani. Mwaka 1929 ile ensaiklopidia kubwa ya Britannica ikamtumia kwenye makala yake ya mekapu. Huyo huyo aliyeacha shule ya msingi.

Lakini sasa mtazame kwenye Tell It to the Marines ya 1926, amecheza sajenti, sura yake mwenyewe, haina plasta wala nini, na bado unajua kila anachofikiria. Ndo maana nasema mekapu ilikua nguo tu.

(Kwa sisi wa huku, kuna moja ya 1928 inaitwa West of Zanzibar, aliicheza chini ya mwongozaji Tod Browning, mtu aliyefanya nae picha kumi. Usije ukaitafuta ukidhani utaona Mji Mkongwe, ilipigwa studio kulekule California, na Waafrika wamechorwa vibaya kweli humo. Ila Chaney akiburuza yale mapaja yaliyopooza sakafuni, unasahau kukasirika kwa dakika mbili tatu.)

Sauti ilipoingia kwenye sinema yeye aligoma kwa muda, wenzake wengi wanaongea yeye bado bubu. Alipokubali, 1930, akarudia picha yake ya zamani The Unholy Three, akatoa sauti tano tofauti, ikiwemo ya bibi kizee na ya kasuku, mpaka akasaini hati ya kiapo kwamba zote zilikua zake maana nani angeamini. Picha ikatoka Julai, watu wakasema huyu sasa ndo ameanza upya.

Kumbe kansa ya mapafu ilikua imeshafika mbali. Siku za mwisho koo lilikua linatoa damu na kuongea ikawa haiwezekani, hivo pale kitandani jamaa akarudi kwenye mikono na uso, alama zilezile alizokua anamuonyesha mama yake akiwa mtoto. Alifariki tarehe 26 Agosti 1930, ana miaka 47.