Kupanga mbio za ramani katika vichochoro vya Lamu

Agosti, shule zikifungwa na pepo za kusi zikiendelea kuvuma, klabu yetu huandaa orientiringi ndani ya Mji wa Kale. Mshiriki hupewa ramani dakika ile ile anayoondoka, kisha ajitafutie njia ya kupitia vituo vyote kwa mfuatano uliochapishwa. Pembetatu ya zambarau ni mwanzo, duara ni kituo, maduara mawili moja ndani ya jingine ni mwisho. Penye kituo huning'inia bendera nyeupe na rangi ya chungwa, sentimita 30 kwa 30, pamoja na panchi ya meno ya kutobolea kadi.

Wanaotaka kuandaa mbio zao huniuliza kwanza bendera zinapatikana wapi. Ningependa waulize habari ya ramani, maana kazi kubwa iko huko.

Ramani ya mbio za mjini huchorwa kwa kipimo cha 1:4000. Kwa kipimo hicho, mita moja ya ardhi ni robo milimita ya karatasi. Sasa fikiria vichochoro vya mtaa wa Mkomani, ambapo punda mwenye mizigo akipita wewe unajibana ukutani. Ukikichora kichochoro cha namna hiyo kwa upana wake halisi, anayekimbia hatakiona. Kwa hiyo tunakinenepesha na kuzipunguza kidogo nyumba za pembeni, lakini kona hatuzisogezi, kwa sababu kona ndizo anazozihesabu mkimbiaji. Picha ya setilaiti husaidia mwanzoni tu. Inaonyesha mapaa na makuti, haionyeshi wikio, kile chumba kinachounganisha nyumba mbili juu ya njia. Ukitazama kutoka angani unaona paa moja, kumbe chini watu wanapita. Sehemu hiyo huchorwa kwa kijivu hafifu kuliko kijivu cha nyumba, na aliyezoea ramani akiiona anajua kuna njia ya mkato. Haya yote hayapatikani ila kwa kutembea mtaa kwa mtaa, ubao na penseli mkononi, ndipo urudi kuchora kwenye kompyuta. Programu ya OpenOrienteering Mapper ni ya bure na inatosha kabisa.

Vituo havifichwi. Anayefika mahali sahihi aione bendera mara moja; ugumu uwe katika kuamua apite wapi. Sisi huanzia uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome iliyojengwa kati ya 1813 na 1821. Kumpeleka mtu moja kwa moja kwenye Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, ni kumkimbiza bila kumfikirisha. Afadhali kituo kimoja kiwe karibu na bahari na kinachofuata juu, nyuma ya mji, ili aamue: apasue katikati penye kona tele, au azungukie njia kuu, ndefu zaidi lakini ya kukimbilika?

Kuna mahali ambapo siweki kituo kamwe, napo ni dakani, pale kwenye kibaraza cha mlangoni mwa nyumba. Daka ni la mwenye nyumba na wageni wake, si la watoto wanaohema na kugombania panchi. Kuta za matumbawe na chokaa nazo hazipigwi msumari wala hazipakwi rangi. Bendera hufungwa kwenye kigingi chenye kitako. Tunaomba ruhusa kwa Makumbusho ya Taifa, tunawaarifu wazee wa mitaa, kisha tunabisha hodi kwa kila aliye jirani na kituo. Ijumaa hatukimbii. Siku nyingine tunaanza watu wakishatoka kuswali Alasiri na kumaliza mapema kabla ya Magharibi. Mavazi ni ya heshima, na punda, hamali na mzee hupishwa, hata kama sekunde zinapotea.

Watoto wadogo huenda wawili wawili. Tunawafundisha jambo moja: mkipotea, fuateni mtaro unakoteremkia, mtatokea baharini, na ukishaiona bahari umeshajua ulipo.

Wakubwa hupata pia mbio za asubuhi kwenye vilima vya mchanga vya Shela. Huko dira inahitajika hasa, na iwe imesawazishwa kwa ukanda wetu, maana ile ya kaskazini mwa Ulaya ncha yake ya kusini huinama na sindano ikakwaruza. Jua nalo, saa sita mchana mwezi wa Agosti, liko upande wa kaskazini. Aliyejifunza vitabuni kwamba liko kusini atageuka kinyume. Mchanga ulio wazi huhama na upepo, kwa hiyo mistari ya mwinuko tunaihakiki kila mwaka. Kama njia inapita ufukweni, tazama kwanza majedwali ya maji kujaa na kupwa, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa sana.

Kila aliyeondoka lazima apite mezani kurudisha kadi, hata kama hakumaliza vituo. Kadi zikipungua hata moja, hatukunji meza wala hatutangazi mshindi mpaka mwenye kadi hiyo aonekane.