Je, wajua? Shakespeare na Cervantes hawakufa siku moja

Kila ifikapo 23 Aprili, Siku ya Vitabu na Hakimiliki Duniani, hadithi hii huibuka: William Shakespeare wa Uingereza na Miguel de Cervantes wa Hispania, vigogo wa fasihi za lugha zao, walifariki siku moja, 23 Aprili 1616. Nami nimewahi kuisimulia, tena kwa mbwembwe, mpaka mtu mmoja akaniuliza: "Tarehe 23 ya nani?" Nilidhani ananitania.

Kumbe tarehe ni jina tu ambalo watu wameipa siku, na mwaka ule Waingereza na Wahispania hawakuwa wakiziita siku kwa majina yale yale. Aibu yangu ni kwamba msemaji wa Kiswahili hakupaswa kuambiwa hili. Mwambie mgeni asiyejua saa zetu kwamba mkutane saa tatu asubuhi. Atasimama mlangoni kwako saa tisa za usiku, anang'atwa na mbu, huku wewe umelala fofofo. Hakuna aliyevunja miadi: namba ni ile ile, wakati ni mwingine.

Uingereza ya 1616 ilikuwa bado inafuata kalenda ya Juliasi Kaizari, iliyoanza kutumika mwaka 45 KK. Ndiye yule yule wa tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere, Julius mwingine, aliitafsiri kwa Kiswahili. Hispania ilikuwa imeshaiacha tangu 1582. Siku ambayo Stratford-upon-Avon, mji wa Shakespeare, waliiita 23 Aprili, Madrid walikuwa wameshafika 3 Mei.

Siku hizo kumi zilitoka wapi? Kaizari aliuhesabu mwaka kuwa siku 365 na robo, kwa hiyo kila robo nne zikitimia, Februari inaongezwa siku. Shida ni kwamba ile robo haitimii sawasawa: mwaka wa jua ni mfupi kuliko hesabu yake kwa dakika kama 11. Fikiria muuza mchele ambaye kipimo chake kinazidisha punje chache kila kilo. Mteja haoni, mwenye duka naye haoni, na jioni hesabu zinalingana. Baada ya miaka mingi anashangaa gunia zima limekwenda wapi. Dakika 11 hujaza siku nzima kwa miaka 128 hivi, na kufikia karne ya 16 siku ya Machi ambayo usiku na mchana hulingana, iliyotegemewa kupangia Pasaka, ilikuwa inaangukia tarehe 11 badala ya 21.

Papa Gregori XIII akakata: Alhamisi 4 Oktoba 1582 ikafuatwa na Ijumaa 15 Oktoba. Kisha akarekebisha kipimo chenyewe. Mwaka unaoishia na sifuri mbili hauwi mwaka mrefu isipokuwa unagawanyika kwa 400. Ndiyo maana 1900 haukuwa na 29 Februari, lakini 2000 ulikuwa nayo.

Uingereza, iliyokwisha kuachana na Roma, haikutaka kalenda ya Papa mpaka 1752, na kufikia hapo deni lilikuwa siku 11. Husimuliwa kwamba watu waliingia barabarani kudai warudishiwe siku zao. Ushahidi wa ghasia hizo ni mwembamba mno, na huenda hadithi ilikuzwa na mchoro wa kejeli wa William Hogarth.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba hakuna aliyegusa juma. Alhamisi ilifuatwa na Ijumaa kama kawaida, kwa hiyo siku za juma zinaweza kutoa ushahidi. Hesabu mwenyewe: 23 Aprili 1616 ya Uingereza ilikuwa Jumanne, ya Hispania ilikuwa Jumamosi. Hadithi ya siku moja inafia hapo.

Na hata 23 ya Cervantes ina walakini. Watafiti wengi wanakubaliana kwamba alikata roho tarehe 22, na 23 ni siku aliyozikwa. Kwa hesabu hiyo, Shakespeare alibaki duniani siku 11 baada yake.